Hema Lililofuliwa

Fundi wa kushona mahema alikuwa amekaa zake dirishani ndani ya basi, hana habari na mtu. Lakini kiti cha nyuma baba mmoja aliyepakata hema alikuwa akizungumza na muuguzi aliyeketi naye, na basi zima likafaidi.

"Mwaka jana tulinyeshewa kambini, hema likanuka uvundo. Binti yangu akasema haendi tena na mimi."

"Na mvua hii si uahirishe, kaka yangu? Mtoto ataumwa kifua," akasema muuguzi.

"Dada, mimi na mama yake tumeachana. Napewa siku mbili kila likizo. Nikiahirisha, ndiyo basi tena."

"Heri akukose kuliko alale majini."

"Alale majini wapi! Safari hii nimejiandaa. Nimelifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikalisugua kwa brashi mpaka ule utando wa kunatanata ukatoka wote. Pasi nayo nimepiga."

Fundi akafumba macho. Utando ule ndio unaozuia maji. Yeye huupaka kwa mikono yake, mara tatu kwa kila hema. Alichopakata yule baba sasa ni shuka tu. Akageuka amwambie, kisha akarudi kutazama dirishani. Mvua ilikuwa inatwanga paa la basi.

Basi likasimama, baba akashuka. Binti alikuwa kituoni, begi mgongoni, kaloa chapachapa. Akalipokea hema, akalinusa, uso ukamkunjuka.

"Baba! Safari hii linanukia."