Nyumba Tisini na Sita za Kanze

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mwaro, mdogo wake marehemu, na karatasi hii nimeiandika mara tatu na bado siielewi.

Dada yetu Kanze Ngala alizaliwa Ganda, kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari 1971, kadi ya ubatizo inasema Agosti 1972, na mama anasema ilikuwa wakati wa kupalilia mahindi, kwa hivyo chagueni wenyewe. Alimaliza darasa la nane hapa hapa Ganda, akauza mboga sokoni Malindi, na tarehe 14 Desemba 1991 akaolewa na shemeji yetu Kazungu, wakajaliwa watoto wawili, Everlyne na Lewa.

Mwaka 2012 alichaguliwa kuwa mhudumu wa afya ya jamii, akakabidhiwa nyumba tisini na sita, na sidhani kuna mtu hapa ambaye hakukalishwa kitini, akafungwa kitambaa cha kipimo cha presha mkononi na kukaripiwa kwa ajili ya chumvi. Alitukanya kwamba dawa ya presha haiachwi eti kwa kuwa mtu anajisikia mzima, akarudia hadi watoto wakawa wanamwigiza.

Hapa ndipo ninapopotea. Mwaka 2021 yeye mwenyewe aliambiwa ana presha, akaanzishiwa dawa. Tarehe 9 Mei 2025 alianguka jikoni akisonga sima, daktari akasema ni kiharusi, na tarehe 11, saa nne asubuhi, akatutoka. Tulipotafuta nguo za kumvisha tulikuta dawa za miezi mitatu hazijafunguliwa, na katika daftari lake la vipimo kila mtu ana namba zake, hata mimi, ila mbele ya jina lake ameandika mzima, kila mwezi, mzima. Sijui alikuwa akimdanganya nani. Nina hasira naye, na sina pa kuipeleka.

Mwezi wa Aprili, alipomaliza kunipima, nilimwambia alete mkono nami nimpime, akacheka, akasema bado ana nyumba kumi za kuzunguka, nami nikamwacha aende, kwa sababu niliamini, kama ninyi nyote, kwamba mwenye kipimo haugui.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wahudumu wenzake, ambao tunawaomba wasiondoke, maana kipimo chake kiko mezani pale, na baada ya mazishi Everlyne ataanza kwa kuwapima wao.

Dada, nyumba zote ulizimaliza isipokuwa yako. Pumzika.