Mzee Karibuni, Mpima Ardhi Aliyekosa Nafasi Shambani Kwake

Ndugu waombolezaji, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Shangazi ameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu.

Baba yetu alizaliwa tarehe 3 Februari 1947, mtoto wa nne kati ya saba. Jirani yao alikuwa amejenga ukuta wa jiko hatua mbili ndani ya kiwanja cha Babu, na wazee hao wawili hawakusalimiana mpaka walipoingia kaburini. Baba alikua akisikia habari za ukuta ule asubuhi na jioni. Alituambia kwamba tangu utotoni aliapa hatagombana na mtu kwa ajili ya ardhi. Kiapo hicho alikitimiza, na ndicho kilichotuleta hapa leo badala ya kule tulikotakiwa kuwa.

Alianza shule mwaka 1955. Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha upimaji ardhi, akahitimu mwaka 1970 akiwa wa kwanza katika uchoraji wa ramani. Kwa miaka thelathini na miwili aliwapimia watu mipaka yao. Ofisini alikuwa na meza kando ya dirisha, kalamu tatu za wino, na kitambaa cha kufutia ambacho hakumwazima mtu. Waliokuwa wameshikana mashati kwa sababu ya kipande cha ardhi walimwita yeye, na akishachimbia jiwe la mpaka, kila mmoja alirudi kwake kimya.

Mama alikuwa fundi cherehani. Baba alikwenda kwake kushonesha suruali, na alipopimwa kiuno akamwambia utepe wake umevutika, umezidi kwa nusu inchi. Mama akamjibu, "Basi kavae ramani." Alirudi siku tatu mfululizo kubishana kuhusu hiyo nusu inchi, na tarehe 12 Oktoba 1974 wakafunga ndoa. Suruali ile, iliyoshonwa kwa kipimo alichokitaka yeye, ilimbana mpaka ikachakaa, lakini hakukubali hata siku moja kwamba Mama ndiye aliyekuwa sahihi.

Mwaka 1981 walinunua shamba la ekari mia moja na tisini: vichaka, bwawa na kilima. Nyumba waliijenga chini, kando ya barabara, juu ya mwamba mtupu, maana hata shimo la choo lilipasuliwa kwa baruti. Haikupita miaka mingi watu wa mjini wakaanza kuja, na Baba akawafungulia geti. Waliwinda kanga na kware, wakavua samaki, wakapiga mahema, wakaendesha baiskeli. Yeye alisema "karibuni" kabla hata hajaulizwa, na ndipo jina lilipomkaa. Baadhi yao walikuwa watu waungwana, sikatai. Wengine waliacha geti wazi, tukapoteza mbuzi sita.

Mama alikuwa akimwambia, "Unapima mashamba ya watu wote. La kwako litapimwa na nani?"

"Wanapumua tu, mama watoto," Baba alijibu. "Hewa haiishi."

Mama alifariki mwaka 2010. Aliomba azikwe juu ya kilima, na tukamzika huko. Wiki iliyofuata Baba alipima nafasi ya pili ubavuni pake, akapigilia vigingi vinne, akatuita watoto wote watatu tuione. Alisema, "Mimi ni hapa. Msije mkabishana."

Mwishoni mwa mwaka 2016 wageni wale waliunda klabu ya uwindaji na matembezi, wakaomba mkataba wa miaka ishirini. Ramani aliichora Baba mwenyewe, kwenye meza ya chakula, na mimi nikiwa nimekaa mbele yake. Eneo la klabu, yaani shamba lote isipokuwa kiwanja cha nyumba, alilikoleza kwa mistari myembamba ya wino. Ndani yake, mkataba ulisema, hakuna mtu kuchimba wala kujenga, ili wanyama wasisumbuliwe.

Nilimuuliza, "Baba, kaburi la Mama liko wapi hapa?"

"Lipo humo ndani."

"Si ungelizungushia mstari, libaki nje?"

Aliniangalia kama niliyemwagia chai karatasi yake. "Ramani yenye tundu katikati ni ramani chafu," alisema. "Halafu hawa ni watu wangu. Nani atanizuia mimi?"

Akakoleza kilima chote, kaburi likiwemo na vigingi vikiwemo. Kwa usafi wa mchoro, nadhani ni kazi yake bora kuliko zote.

Mwaka 2019 mwanachama mmoja, daktari wa meno, alifyatua bunduki akilenga kware, na chembe za risasi zikampata mdogo wangu kwenye shavu la mguu. Daktari aliomba radhi, na Baba akamkaribisha chai. Kesho yake akaketi kuandika sheria mpya, nasi tukadhani hatimaye wageni watafungiwa. Alitufungia sisi. Kuanzia Juni mosi hadi mwisho wa Septemba, msimu wa kuwinda, asiye mwanachama asikanyage ndani. Alisema hawezi kuwanyima watu alichowaahidi, lakini watoto wake anaweza kuwakataza. Mdogo wangu alimnunia mwaka mzima, na mimi nilimuunga mkono.

Novemba 2023 figo zake zilianza kushindwa. Juni mwaka uliofuata akaomba apelekwe kumwona Mama. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka getini. Mlinzi alimsalimia kwa heshima zote, kisha akampigia simu katibu wa klabu.

"Mzee, shikamoo tena. Katibu anasema leo kuna watu ndani na bunduki. Mpaka Oktoba."

Nilianza kufoka. Baba akanishika mkono. "Usimgombeze kijana. Sheria ni yangu. Nirudishe."

Tulipogeuka alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika Mama. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba sikumfuta machozi, na hilo ninalijutia mbele yenu.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, saa nne asubuhi, chumbani kwake.

Siku hiyo hiyo mimi na mdogo wangu tulikwenda kwa katibu. Alitupa pole, akatandika ramani mezani. "Mkono ni wa mzee mwenyewe," alisema.

"Ni shimo moja tu," mdogo wangu alimwambia.

"Naelewa, kaka. Lakini kuchimba ni kuchimba. Na mnamjua mzee, angekuwa wa kwanza kukataa."

Alisema kweli. Ndiyo maana tumekuja makaburi haya ya manispaa, mstari wa kumi na moja, kati ya watu ambao Baba hakuwafahamu. Klabu imeleta shada kubwa kuliko letu, na tunashukuru.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wanachama arobaini na wawili ambao Jumamosi hii wataingia shambani kama kawaida. Ameacha pia mke, juu ya kilima, na nafasi tupu ubavuni pake.

Shangazi, umenivumilia, namalizia. Mkataba unaisha tarehe 31 Desemba 2036. Nitakuwa na miaka sitini. Kibali cha kuhamisha mwili nimeshauliza kinavyoombwa, na fomu ninayo kwenye mkoba. Mpaka siku hiyo, Baba, pumzika hapa kwa amani, kadiri utakavyoweza.