Neno Lililoandikwa Kwenye Kibao cha Daraja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Barabara, viongozi wa dini, wazee wetu, na ndugu zetu wote mliokuja kutusikiliza,

KARIBU

Sisi wanafunzi wa darasa la watu wazima hapa Pajulu tunakusalimu kwa furaha. Pole kwa matope. Tunajua gari lako limebaki ng'ambo na umevuka kijito kwa miguu, suruali imekunjwa. Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe ni mtu wa Koboko na wengi wetu ni Walugbara, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Kiingereza chetu bado ni kichanga, na habari yetu ya leo inahusu neno moja tu la Kiingereza.

DARASA LETU

Tunasomea kwenye ukumbi wa kanisa, Wakristo pamoja na Waislamu. Wote sasa tunaandika majina yetu, na dada Jovia anayekusomea risala hii husoma hata maelezo ya dawa. Kwa hayo tunashukuru.

NENO LENYEWE

Daraja la kwendea Inde, ng'ambo ya kijito, lilipofungwa na kubomolewa mwanzoni mwa mvua ili lijengwe upya, mafundi walisimamisha kibao, kisha wakaondoka. Kibao kilisema: "Sorry for the inconvenience." Tulimwuliza mwalimu wetu, Anguzu, neno hilo la mwisho lina maana gani.

"Ni usumbufu," alisema. "Mgeni akikukuta unaoga, akakaa kukusubiri uani, hiyo ni inconvenience. Ukikuta duka limefungwa ukarudi kesho, hiyo pia."

Tulitunga sentensi. Zulaika aliandika kwamba mbuzi wa jirani yake ni inconvenience. Tulicheka sana siku ile.

YALIYOTUPATA

Haikupita muda, mwenzetu Mindra akashikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Akram wa bodaboda alimfikisha ukingoni mwa kijito, Zulaika akiwa nyuma amemshikilia. Hapo Akram akazima pikipiki.

"Mama, hapa haiwezi pita. Maji iko mingi."

Kituo cha afya kinaonekana kutoka pale, Mheshimiwa. Sisi tuliowafuata kwa miguu tulipiga kelele mpaka mkunga, Mama Betty, akatoka. Alijaribu kuvuka, maji yakamfika kiunoni, akarudi. Basi akasimama ng'ambo akaelekeza kwa sauti, na Zulaika, ambaye hajawahi kuzalisha hata mbuzi, akafanya.

"Mlaze ubavu! Usimvute mtoto, mwache aje mwenyewe!"

Mtoto alizaliwa kando ya kibao, juu ya koti la Akram. Hakulia.

"Msugue mgongo! Sugua kwa nguvu!"

Zulaika alisugua huku akilia yeye. Ndipo mtoto naye akalia, na wote wa pande mbili tukasikia. Lakini Mindra alitoka damu nyingi. Maji yalipopungua jioni, wanaume walimvusha juu ya mlango walioung'oa nyumbani kwake. Alipona, ila hadi leo hawezi kubeba mtungi.

Bibi yake mtoto alimpa jina la Candiru. Kwa Kilugbara ni jina la aliyezaliwa katika mateso.

Tuliporudi darasani, Zulaika alisimama. "Mwalimu, ile ya Mindra nayo ni inconvenience?"

"Hapana," alisema Mwalimu Anguzu. "Neno hilo halifiki huko." Akalifuta ubaoni.

MAOMBI YETU

Hatuna ugomvi na mafundi, na aliyeandika kibao tunaamini alitaka kuwa na adabu. Tunaomba daraja letu limaliziwe. Wakati tunasubiri, tunaomba kamba imara na mtumbwi mdogo vikae pale kwa ajili ya wagonjwa. Kibao nacho kiandikwe upya kwa lugha tunazozisema, kieleze kazi imesimama kwa nini na itaanza lini. Kama hamjui lini, kiseme hamjui. Hilo tutalielewa.

Mindra ni yule aliyeketi karibu na mlango, mwenye kitenge cha kijani. Tulimwomba azungumze, akakataa. Alituambia tukueleze jambo moja tu: chanjo ya mtoto ni Alhamisi, na inatolewa ng'ambo.

Mungu akulinde wewe na watu wa nyumbani kwako, akuvushe salama leo.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Watu Wazima, Pajulu.