Kiwiko Changu na Benchi la Maombi

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Leo namsifu kwa kuinua mkono wa kushoto, na nitawaeleza kwa nini. Mimi ni Mama Mwende, wa hapa karibu na soko la Tulia, na wengi mnanijua kwa viondo.

Mwaka jana binti yangu Mwende alipata mchumba kutoka Emali, harusi ikapangwa Desemba. Mimi nikasimama mbele ya wakwe nikasema mtoto wangu hataingia kwao na mfuko wa dukani. Ataingia na kiondo cha mkonge nilichosuka mwenyewe, vile mama yangu alinisukia mimi. Nilijisifu, nakubali. Wakwe wakapiga makofi, na makofi yana deni lake.

Kitako cha kiondo kilikuwa hakijafika ukubwa wa sahani, vidole viwili vya mwisho vya mkono huu wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Mwanzo nilicheka, nikasema ni uzee umebisha hodi. Lakini mkonge unataka mkono wa kuvuta na kukaza, na hivi vidole vilikuwa vinaachilia uzi bila kuniuliza. Kikombe cha chai kikaniponyoka mbele ya wageni. Kufunga kifungo cha blauzi ikawa kazi ya kuita watu.

Jirani mmoja akasema ni baridi ya mifupa. Mwingine akaninong'oneza kwamba kuna mtu ana wivu na viondo vyangu, nitafute mtu wa kunisaidia. Ndugu zangu, mimi nimeokoka! Siendi kwa mganga. Nikaenda kwa Bwana.

Nyumbani tuna benchi la mbao ngumu alilochonga baba mkwe wangu, na mimi huomba hapo kila asubuhi. Napiga magoti, mkono wa kulia nauinua juu, wa kushoto nauegemeza benchi kwa kiwiko, nimeukunja, kichwa nimekilaza kiganjani. Niliomba saa moja kila siku. Vidole vikazidi kulala. Nikaongeza ikawa saa mbili, na mfungo juu yake. Sasa ganzi ikawa inanishika mpaka jioni.

Hapo nikaogopa kweli. Nikasema, mtu anayeomba zaidi na kuugua zaidi, huyo ana dhambi aliyoificha. Nikaanza kukiri. Nilienda kwa Mama Kioko, yule pale nyuma anacheka, nikamwambia kwamba kuku wake aliyepotea miaka ile hakuchukuliwa na mwewe. Mama Kioko alikuwa amemsahau huyo kuku kabisa. Sasa amemkumbuka.

Nilikiri yote niliyoyajua na bado vidole havikuamka. Siku moja nikakaa na kile kiondo nusu mapajani nikalia. Niliona Mungu amenikataa, na mtoto wangu ataolewa mikono mitupu kwa sababu yangu.

Mwende alinikuta hivyo. Akaniambia, "Mwaitu, mama yangu, Mungu unamwambia kila siku. Hebu twende tumwambie na daktari."

Tukaenda hospitali kule Mwingi. Daktari alikuwa msichana, karibu umri wa Mwende. Akaniambia nifungue vidole, nifunge, nishike karatasi. Kisha akagonga kidogo hapa upande wa ndani wa kiwiko, na stima ikatembea mpaka kidole cha mwisho. Nikaruka.

Akanieleza pole pole. Kuna mshipa wa fahamu unaopita hapa nyuma ya kiwiko kwenye njia nyembamba, juu ya mfupa, na hauna nyama ya kuufunika. Ukiukandamiza sana, au ukikunja mkono muda mrefu, unabanwa, na vidole viwili vya mwisho ndivyo vinalia. Akaniuliza, "Mama, kuna mahali unaegemea?" Nikamwambia hapana, mimi si mtu wa kukaa bure. Akaniuliza kuhusu simu, kuhusu kulala, kuhusu kusuka. Hakuona jibu.

Nikasema basi, kabla hatujaachana, wacha nimshukuru Mungu kwa ajili yako. Nikapiga magoti palepale kwenye benchi lao, mkono wa kulia juu, kiwiko cha kushoto chini, kichwa kiganjani. Sijafika hata amina nikasikia, "Mama, hebu kaa hivyo hivyo. Huwa unaomba hivi?"

"Kila siku."

"Kwa muda wa saa ngapi?"

"Siku hizi ni mbili."

Ndugu zangu, yule msichana alijifunika mdomo kwa faili. Mwende alitoka nje kabisa, nikamsikia akicheka kwenye korido. Mimi nilibaki nimepiga magoti. Kwa muda wote huo nilikuwa namwomba Mungu anitolee jiwe, na mimi ndiye nimelikalia.

Akanipa masharti. Nisiegemee kiwiko tena. Nikilala, nikizungushie taulo ili mkono usikunjike. Akanifundisha mazoezi ya kuunyoosha polepole, na kusuka nipumzike kila mara. Akasema nyama za mkono bado ziko sawa. Zingeanza kuisha, tungezungumza habari ya kupima mshipa na pengine upasuaji. Akasema nimekuja mapema, ila ingefaa nije mapema zaidi.

Baba Mwende alipoona taulo aliniuliza kama nimebeba mtoto kwa mkono. Asubuhi nikawa naomba nikizunguka zizi la mbuzi, mikono imenyooka. Haikuwa muujiza wa siku moja. Wiki zilipita, kidole cha pete kikaamka kwanza, halafu kile kidogo, kama mtoto mvivu siku ya shule.

Kiondo kilifika Emali. Mwende alikibeba mwenyewe. Karibu na kitako kuna mistari miwili imepinda, na akaniuliza kwa nini sikuifumua. Nikamwambia niliiacha makusudi. Hapo ndipo nilipofikiri Mungu amenikataa, kumbe alikuwa ananingoja Mwingi.

Kwa hivyo kama uko hapa na vidole vyako vinalala, usijione umelaaniwa, na usimkiri kuku kabla hujaonekana na daktari. Mtegemee Bwana. Yeye ndiye aliyemfundisha na yule msichana.

Sasa tuombe. Hapana, Mama Kioko, usipige magoti. Leo tutaomba tukiwa tumesimama.