Marehemu Trizah Mutanu, Mama Yake Janet (1954–2025)

Marehemu Trizah Mutanu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1954, katika nyumba za reli, Makupa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mumo na Mama Kalekye.

Aliingia sekondari mwaka 1970, akaacha masomo Juni 1971. Jamaa walielezwa kuwa amekwenda Mwingi kumuuguza nyanya yake. Marehemu aliagiza kwamba leo jambo hili lisemwe lilivyokuwa: alikuwa mjamzito, na hakutoka kisiwani. Mama Kalekye alimpeleka mtaa wa Kuze, kisiwa hiki hiki cha Makupa, kwa rafiki yake, Bi Sheikha, aliyemficha miezi mitano. Akitoka nje alivaa buibui, na majirani wakiuliza, Bi Sheikha alijibu kuwa ni mgeni wake, ana haya. Huku Makupa, Mama Kalekye alijifunga leso tumboni, akiongeza moja kila mwezi.

Janet alizaliwa Kuze tarehe 2 Novemba 1971. Siku ya tatu alipelekwa Makupa kama kitindamimba wa Mama Kalekye. Marehemu aliporudi nyumbani, alikuwa dada. Baba wa mtoto hakumtaja, na hakutaka aulizwe.

Kuanzia 1972 hadi 2009 alishona nguo katika duka la Mzee Badawi, Kuze. Sare za shule za Janet alizishona mwenyewe, akiacha pindo refu la kuteremshwa. Kila Januari alimpima mabega, mgongo na kiuno, kisha akaanza upya. Janet alimtania: "Dada, umenipima sasa hivi. Nimerefuka tangu saa hizi?" Marehemu alisema futi yake haiaminiki.

Alifunga ndoa na Levi, karani wa bandari, tarehe 18 Desemba 1976, baada ya kumweleza yote. Levi aliitunza siri hiyo hadi alipofariki mwaka 2012. Walijaliwa mtoto mmoja, Griffins.

Saratani iligunduliwa Februari 2024. Tarehe 30 Agosti mwaka huu alimwita Janet, akamwonyesha ratiba ya maziko ya Mama Kalekye ya mwaka 1999. Wasifu uliomo aliuandika marehemu mwenyewe.

"Hapa nimekuandika mdogo wangu," alimwambia. "Wewe ni mwanangu. Nikifa, wasiandike tena hivi. Lakini ukikataa, basi, waache."

Janet aliikunja karatasi, akaondoka. Siku ishirini na mbili hakuonekana wala hakupokea simu. Marehemu alikataza asibembelezwe. Kila mlango ulipobishwa, aliuliza ni nani.

Jumapili, tarehe 21 Septemba, Janet alikuja, akachukua bakuli la uji mikononi mwa Griffins, akaanza kumlisha marehemu. Baadaye alisema: "Andikeni. Ila kukuita mama, ulimi bado unakataa."

"Niite dada," marehemu alijibu. "Nimezoea."

Kuanzia siku hiyo Janet alilala kando ya kitanda chake. Alimwita dada hadi Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, marehemu alipoaga dunia mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Janet.

Ameacha watoto wawili, Janet na Griffins, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na Bi Sheikha, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, aliyeko nasi hapa.

Mstari wa mwisho umeandikwa na Janet:

Mama, pumzika sasa kwa amani.