Joka la Fundi Cherehani

Muuguzi alikuwa amefumba macho ndani ya basi, lakini usingizi ulikuwa wa jina tu. Masikio yote yalikuwa kiti cha mbele, walikokaa kinamama wawili wasiojuana.

"Kwenye mchezo ule wa redio joka lilimmeza malkia," alisema mwalimu mwenye miwani. "Mwandishi mwenyewe kathibitisha jana kwenye mahojiano." "Wee! Lilimsamehe," akaruka fundi cherehani. "Nausikiliza kila siku nikishona." "Na cherehani ikinguruma?" akauliza mwalimu.

Fundi akacheka kwa aibu. "Ikinguruma, panaponipotea najazia mwenyewe. Jioni namsimulia mama, maana haoni wala hatoki kitandani. Sasa mahojiano yanarudiwa leo, na kaomba nimwekee redio." "Basi mwambie ukweli, dada," akasema mwalimu. "Ukweli upi? Wiki nzima anakula vizuri kwa sababu ya msamaha huo."

Muuguzi, ambaye hakuwahi kukosa hata neno moja la mchezo huo, alishindwa kuvumilia. Akainama mbele. "Samahani, dada. Lilimsameheje?"

Basi likasimama kwenye kituo anachoshukia muuguzi. Hakuinuka. Hata mwalimu alikuwa ameshavua miwani, anasubiri.