Ikiuma, Rudi

Kijiwe cha Ismaili muuza kahawa kilikuwa Mwanga, ubavuni mwa soko, kwenye baraza ya fundi cherehani aliyehamia kijiji cha ujamaa akaliacha benchi lake nyuma. Mguu mmoja wa benchi ulikuwa mfupi, kwa hiyo watu walikaa kwa kupanga uzito, la sivyo wangeyumba wote. Mwisho wa kulia ulikuwa wa Sindano. Kwa ubatizo aliitwa Antoni, lakini mtu akishashona nyavu za dagaa tangu ujana wake, nani atahangaika na ubatizo? Asubuhi hiyo alikuja kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, mkono wa kulia ameuficha ndani ya koti, na usoni ana viraka vyekundu vimevimba kama mtu aliyeshambuliwa na nyuki. Vilikuwa pale pale penye viraka vyake vya zamani, vile vya ukoma, ambavyo hospitali ilivitibu kwa vidonge hadi vikafifia, akaruhusiwa. Benchi zima liliviona kabla hajakaa. Ismaili alimmiminia kahawa kama kawaida, ila kikombe hakukitoa kwenye sinia. Alikitoa kwenye tofali lililokuwa peke yake, karibu na ndoo. Sindano alikiangalia kile kikombe, akakipokea kwa mkono wa kushoto, na moyo ukamuuma kuliko kiwiko cha ule mkono uliofichwa.

— Umerudi, alisema Kapteni.

Kapteni alikuwa amefanya kazi melini. Kazi yenyewe ilikuwa kumenya viazi, lakini meli ni meli.

— Nani karudi? aliuliza Azimio.

— Ugonjwa wa Sindano. Humwoni?

— Namwona. Lakini hauwezi kurudi. Aliruhusiwa na serikali.

Azimio alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na kwake jambo lililokwisha kuamuliwa lilikuwa limekwisha.

— Sikiliza, Mjumbe. Ukoma ni kutu. Pale melini tulikuwa tunapaka rangi juu ya kutu, meli inameremeta, abiria wanasifu. Chini kutu inakula chuma taratibu. Huyu alipakwa rangi tu.

— Nilikunywa vidonge, Kapteni, alisema Sindano. Sikupakwa.

— Rangi ya kumeza, basi.

Papaa Kalemi aliweka kikombe chake chini. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Kongo zamani, zile vurugu za kule zilipoanza, na tangu hapo hapakuwa na ugonjwa ambao hakuuona kwao ukiwa mkubwa zaidi.

— Miye nawaambia, ukoma iko mbili. Iko dume, iko jike. Ile dawa ya hospitali inaua dume. Jike inabaki.

— Inabaki inafanya nini?

— Inabaki na mimba.

Benchi lilisogea kidogo kwa heshima ya mimba hiyo.

— Sasa imejifungua, aliendelea Papaa. Ndiyo maana uso umejaa.

— Hilo siwezi kulikubali, alisema Azimio. Watoto hao wamezaliwa ndani ya nyumba zangu kumi na mimi sijaarifiwa.

— Wewe unasemaje, Mjumbe? aliuliza Kapteni.

Azimio alikohoa. Kukohoa kwake kulikuwa ndiyo kufungua mkutano.

— Mimi nasema hivi. Wakati wa operesheni ya vijiji, Sindano alihamishwa kutoka kibanda chake cha kule Rusimbi. Sivyo? Alihama na godoro, sufuria na kuku. Ugonjwa ulibaki kibandani. Kibanda kikabomolewa. Sasa huo ugonjwa utakaa wapi? Umemfuata mwenyeji wake kudai kiwanja.

— Ndugu Mjumbe, alisema Sindano, sikuhamishwa. Nilihama mwenyewe. Paa lilikuwa linavuja.

— Hiyo haibadilishi msimamo.

Wakacheka. Sindano naye alicheka, maana asipocheka ataonekana mgonjwa zaidi. Ndani ya koti alijaribu kukunjua kidole kidogo na mwenzake wa jirani. Juzi vilikunjuka. Leo vilikwenda nusu ya njia vikakataa, na kutoka kiwikoni ukapanda moto uliofika hadi kwapani. Aliuma meno. Mshona nyavu bila vidole ni nani? Ni mtu anayekaa kijiweni kuanzia asubuhi, tena kwa kikombe chake peke yake. Aliogopa, aliogopa sana, na waliomzunguka wote walikuwa wanajua kila kitu.

Kapteni alikuwa ameshahamia kwenye kambale. Kwa maelezo yake, samaki asiye na magamba akiliwa na mtu aliyepona, hukosa mahali pa kuacha utelezi wake, akauacha usoni. Papaa alikubali kuhusu kambale lakini akataka awe ameliwa siku ya mvua. Azimio alitaka kujua kambale huyo alinunuliwa duka la ushirika au kwa mlanguzi.

Hapo ndipo alipotokea Mama Regina kutoka Kibirizi, kanga kiunoni, jasho usoni.

— Hamjambo, wazee?

— Hatujambo, mama. Karibu.

— Sijaja kukaa. Fundi Sindano, mbalamwezi inakwisha. Usiku wa giza ukianza, mume wangu anatakiwa awe ziwani na karabai zake kuvuta dagaa, na wavu wetu bado uko kwako. Uko wapi?

— Nyumbani.

— Umekwisha?

— Bado, mama.

— Ulisema utaumaliza kabla ya Ijumaa!

Sindano aliuvuta mkono ndani zaidi ya koti. Mama Regina akashusha pumzi. Kutembea kwa hasira kutoka Kibirizi si mchezo. Akaona kikombe kwenye tofali, kile ambacho Sindano alikuwa amekwisha kukirudisha.

— Hiki kina mtu?

Kapteni alimtazama Papaa. Papaa alimtazama Azimio. Azimio akatazama sokoni. Ismaili akainama kuchochea makaa.

— Mbona hamjibu? Nimeuliza kikombe, sikuuliza kodi.

Akakisuuza kwa maji ya birika mwenyewe, akamsogezea Ismaili. Ismaili akamimina. Mama Regina akanywa, akashika kiuno tena.

— Haya, fundi. Wavu umekushinda nini?

— Mkono.

— Una nini?

— Umerudi, alidakia Kapteni.

— Umerudi kutoka wapi? Namuuliza mwenye mkono. Unauma?

Benchi likageuka kumtazama Sindano. Walikuwa wameuchambua ugonjwa wake tangu kahawa ya kwanza, wameupa jinsia, wameupa kiwanja na kitoweo, na hakuna hata mmoja aliyejua kama unauma.

— Ego, alisema Sindano. Kiha kilimtoka chenyewe. Ndiyo, unauma, mama. Unauma silali. Ulianza ghafla, na uso ukawaka moto siku ile ile.

— Haiwezekani, alisema Papaa polepole. Ukoma haiumi. Hata kwetu Kongo haiumi.

— Na hospitali walikuambia ukiuma ufanyeje? aliuliza Mama Regina.

— Walisema, ikiuma, rudi.

— Si ndiyo hayo? alisema Kapteni. Imerudi!

Sindano alimtazama Kapteni. Kisha akatazama chini, midomo ikicheza. Wiki nzima alikuwa akilisikia neno hilo kichwani: rudi, rudi, rudi, na kila aliyemwona njiani akiliongezea uzito. Sasa sauti ya mganga wa hospitali, siku aliyomruhusu, ikamjia nzima. Wadudu wakirudi, Antoni, hawapigi hodi. Kiraka kinaota taratibu, wala hukisikii. Lakini ukiona ghafla, tena kwa moto na maumivu, huo ni mwili wako wenyewe unapigana na mizoga ya wadudu waliokufa, na vita hiyo inaunguza mishipa ya fahamu. Tuna dawa ya kuituliza, ila isichelewe, vidole visije vikajikunja moja kwa moja. Ikiuma, rudi.

— Hakusema imerudi, alisema Sindano. Alisema rudi. Mimi. Mimi ndiye wa kurudi!

Akasimama. Benchi likainuka upande wake, na kahawa ya Kapteni ikaishia mapajani mwa Kapteni.

— Nani ana baiskeli?

Kila mtu alijua nani ana baiskeli.

— Ni ya Chama, alisema Azimio.

— Na huyu ni wa nani? aliuliza Mama Regina.

Azimio alikohoa, lakini safari hii hakufungua mkutano. Akaitoa baiskeli ukutani. Sindano akapanda nyuma, akamzungushia Azimio mkono wa kushoto tumboni, ule wa kulia akaukumbatia kifuani kwake mwenyewe. Azimio alikakamaa kidogo, kisha akavuta pumzi na kukanyaga pedali.

— Shika vizuri, ndugu. Mbele kuna mlima.

Nyuma yao Ismaili alikuwa amekitumbukiza kile kikombe ndooni pamoja na vingine vyote, anavisugua kwa mkono mmoja, bila kutazama kipi ni kipi.

— Sindano! alipiga kelele Papaa, ambaye siku zote alichelewa nyuma ya mazungumzo. Unakwenda wapi?

— Narudi! alijibu Sindano.